Namna ya kufuatilia fedha za UVIKO-19 walizolipwa wakulima wa Marekani

Mwezi Aprili 2020, baada ya mikahawa, hoteli na shule za Marekani kufungwa karibu kwa wakati mmoja, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walianza kumwaga maziwa kwa kukosa mnunuzi, na wafugaji wa nguruwe wakalazimika kuwaua wanyama waliokwisha kunenepa kwa sababu viwanda vikubwa vya nyama, kikiwamo kile cha Smithfield cha mjini Sioux Falls katika jimbo la South Dakota, vilikuwa vimesimamisha kazi baada ya wafanyakazi wengi kuambukizwa. Serikali ya shirikisho iliitikia kwa kutoa fedha nyingi kwa haraka kubwa. Kwa hesabu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo kwa kifupi huitwa USDA, malipo ya moja kwa moja ya serikali kwa wakulima katika mwaka huo yalifikia takribani dola bilioni 46, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo.

Sehemu kubwa ya malipo hayo imeandikwa kwa jina la aliyepokea, tarehe na kiasi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, awe raia wa Marekani au asiwe raia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi huko, au mwandishi wa habari wa redio au gazeti la jamii yake, ambaye anataka kujua ni mashamba gani ya kaunti yake yaliyolipwa, yalilipwa kwa kigezo gani, na ni yapi anayoweza kuyasema hadharani bila kumsingizia mtu. Kazi ya kupakua faili huchukua muda mfupi. Kazi ya kuzisoma kwa usahihi ndiyo ndefu, na ndiyo inayochukua nafasi kubwa zaidi hapa.

Utahitaji kompyuta yenye programu ya lahajedwali, intaneti ya kutegemewa kwa sababu faili ni kubwa, na daftari la kuandika kila faili uliyoipakua pamoja na tarehe yake.

Hatua ya kwanza: tenganisha mifuko

Usichukue jumla ya fedha zote alizolipwa mkulima mwaka 2020 na kuiita fedha za Korona. Mwanzoni mwa mwaka huo USDA ilikuwa bado inakamilisha malipo ya kuwafidia wakulima kwa hasara za vita vya kibiashara kati ya Marekani na China, mpango uitwao MFP, ambao awamu yake ya mwisho ilitangazwa Februari 2020, kabla ya janga kufika mashambani. Mwezi Oktoba hulipwa malipo ya kawaida ya kushuka kwa bei ya mazao, yanayojulikana kama ARC na PLC, pamoja na kodi ambayo serikali humlipa mkulima ili aache sehemu ya ardhi yake bila kulimwa kwa ajili ya hifadhi. Yote haya yamo katika faili zilezile. Hakuna hata moja linalohusiana na ugonjwa.

Fedha za janga zenyewe zilipita katika mifereji kadhaa, na kila mfereji una sheria zake za kutangaza majina.

Mfereji mkuu ni CFAP, mpango wa USDA wa kuwasaidia wazalishaji wa chakula, uliotangazwa na Waziri Sonny Perdue tarehe 17 Aprili 2020. Tangazo hilo lilitaja dola bilioni 19, ambapo bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja na bilioni 3 za kununua chakula cha kugawiwa wenye mahitaji. Maombi ya awamu ya kwanza yalipokelewa kuanzia tarehe 26 Mei hadi 11 Septemba 2020. Awamu ya pili, CFAP 2, ilifunguliwa tarehe 21 Septemba 2020 na kufungwa Desemba, kisha ikafunguliwa tena mwezi Aprili 2021 chini ya serikali mpya. Hizi zilikuwa ruzuku: mkulima hakutakiwa kuzirudisha, ingawa alitakiwa kuzilipia kodi ya mapato.

Mfereji wa pili ni PPP, mkopo wa kulinda mishahara uliosimamiwa na SBA, taasisi ya serikali inayoshughulikia biashara ndogo, na kutolewa kupitia mabenki. Ulianzishwa na sheria ya CARES iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020, ukafungwa tarehe 31 Mei 2021. Kwa umbo ulikuwa mkopo wa riba ya asilimia 1, lakini mkopaji aliyetumia angalau asilimia 60 ya fedha kwa mishahara na kutimiza masharti mengine alisamehewa deni lote, na kiasi alichosamehewa hakikutozwa kodi ya mapato ya shirikisho. Ukiandika kwamba shamba lilipewa PPP bila kusema kama mkopo ulisamehewa au ulirudishwa, umeeleza nusu ya habari.

Kuna pia mkopo wa maafa wa SBA uitwao EIDL, ambao wakulima waliruhusiwa kuuomba baada ya sheria ya tarehe 24 Aprili 2020. Ipo pia mipango midogo iliyofuata, kama vile PLIP iliyowafidia wafugaji kwa wanyama waliouawa kwa sababu machinjio hayakuweza kuwapokea, na PARP, ambayo maombi yake yalianza kupokelewa Januari 2023. Hatimaye kuna fedha ambazo majimbo yenyewe yaliwagawia wakulima kutoka katika fungu la shirikisho, nazo hazimo katika faili za USDA.

Hatua ya pili: pakua faili za FSA

Malipo ya CFAP yalipitia FSA, idara ya USDA yenye ofisi katika kaunti nyingi za nchi. Katika tovuti ya FSA, kwenye ukurasa wa taarifa zinazotolewa chini ya sheria ya uhuru wa kupata taarifa, yaani FOIA, utakuta faili za malipo zilizopangwa kwa mwaka. Pakua za mwaka 2020 na 2021 kwa uchache, na za miaka inayofuata iwapo unataka kufuatilia mipango ya baadaye. Kila mwaka umegawanywa katika faili kadhaa.

Inafaa kujua kwa nini faili hizi zipo, kwa sababu siku moja utaambiwa na afisa au na mkulima kwamba taarifa hizo ni siri. Kwa miaka mingi USDA ilivutana mahakamani na waandishi wa habari na makampuni ya takwimu kuhusu jambo hili. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya Multi Ag Media, iliamua kwamba maslahi ya umma katika kuisimamia wizara yalizidi haja ya faragha ya wakulima. Bunge likajibu mwaka huohuo kwa kuingiza kifungu cha 1619 katika Sheria ya Kilimo, kinachoizuia wizara kutoa taarifa ambazo mkulima amezikabidhi kuhusu shughuli zake, na ramani za mashamba. Hata hivyo, kifungu hicho chenyewe kinasema wazi kwamba kiasi cha malipo, pamoja na jina na anwani ya aliyelipwa, vinaweza kutolewa. Huo ndio mstari uliochorwa: unaweza kujua kwamba fulani alilipwa dola 46,000, lakini huwezi kuonyeshwa fomu aliyojaza akieleza ana nguruwe wangapi. Kwa maoni yangu mstari huo umewekwa mahali pabaya, kwa sababu kiasi kisichoambatana na kigezo chake hakimwezeshi raia kujua kama malipo yalikuwa halali. Lakini ndiyo sheria, na mwongozo huu unaifuata.

Bima ya mazao, ambayo serikali huichangia kwa fedha nyingi, iko nje kabisa ya uwazi huu. Sheria yake inakataza kutaja majina ya wanaonufaika, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Wapo watakaokushauri uanzie kwenye hifadhidata ya EWG, asasi isiyo ya kiserikali iliyokusanya malipo ya kilimo na kuyaweka mtandaoni tangu mwaka 2001. Ushauri huo ni mzuri kwa kupata picha ya haraka, kwani pale utaandika jina la kaunti na kuona orodha iliyokwisha kujumlishwa. Hata hivyo majumlisho hayo yamefanywa na EWG kwa mbinu zake, na yeyote atakayekupinga atakuuliza umetoa wapi namba. Jibu lenye nguvu ni faili ya serikali yenyewe.

Kuhusu USAspending, tovuti rasmi ya matumizi ya serikali, itumie kwa jumla za kaunti na za jimbo pekee. Malipo kwa watu binafsi huonyeshwa huko yakiwa yamefichwa jina au yamekusanywa pamoja kama wapokeaji wengi, na anayeanzia huko huondoka akiamini kwamba majina hayapatikani popote.

Hatua ya tatu: chuja kwa kaunti na kwa mpango

Fungua faili na utazame safu zake kabla ya kufanya lolote. Kuna safu ya jimbo na kaunti kwa mujibu wa FSA, jina la mlipwaji, mistari ya anwani, kiasi kilicholipwa, tarehe ya malipo, na safu tatu za mwisho zenye namba ya mpango, maelezo ya mpango na mwaka wa mpango. Safu hizo za mwisho ndizo zitakazokuokoa na mkanganyiko niliouelezea katika hatua ya kwanza. Chuja maelezo ya mpango ili yabaki malipo ya CFAP tu, kisha uhifadhi matokeo kama faili mpya na kuiacha ile ya asili bila kuguswa.

Chukua mfano wa Kaunti ya Sioux katika jimbo la Iowa, eneo linalojulikana kwa wingi wa nguruwe na ng'ombe. Unapochuja kwa jina la kaunti hiyo, unapata malipo yaliyosimamiwa na ofisi ya FSA ya kaunti hiyo. Hupati lazima watu wanaoishi humo. Mmiliki anayeishi Chicago lakini anamiliki sehemu ya mavuno Iowa atatokea katika orodha ya Sioux akiwa na anwani ya Illinois. Kinyume chake pia hutokea: mtu anayeishi Sioux na kulima ng'ambo ya mpaka katika jimbo jirani ataonekana katika kaunti nyingine. Amua mapema unauliza swali lipi, la mahali shamba lilipo au la mahali mlipwaji anapoishi, kisha uchuje safu inayolingana na swali hilo.

Tahadhari nyingine ni kwamba kaunti za FSA hazilingani kila mara na kaunti za kiutawala. Kaunti ya Otter Tail katika jimbo la Minnesota, kwa mfano, imegawanywa na FSA katika Mashariki na Magharibi. Ukichuja moja ukaisahau nyingine, nusu ya kaunti yako imetoweka na hutajua.

Hatua ya nne: jumlisha bila kudanganyika na majina

Hapa ndipo palipo na ugumu halisi, kwa hiyo usiharakishe.

Shamba moja halitokei katika mstari mmoja. Awamu ya kwanza ya CFAP ililipwa kwa vipande: mkulima alipata kwanza asilimia 80 ya stahiki yake, na asilimia 20 iliyobaki ikafuata baadaye. Awamu ya pili ilileta malipo mengine, na mwaka 2021 wakulima wa mazao yanayolipiwa kwa ekari waliongezewa dola 20 kwa kila ekari iliyokuwa imestahiki katika CFAP 2. Mtu mmoja mwenye mistari sita au saba si jambo la kushangaza wala la kutiliwa shaka. Tengeneza jedwali la muhtasari linalojumlisha kwa jina, kisha kwa awamu.

Baada ya hapo angalia majina yanayofanana. Mume, mke, mtoto wao mkubwa, kampuni ya LLC yenye jina la ukoo na ubia wa ndugu wawili wanaweza wote kuwa na anwani moja na kuonekana kama walipwaji watano. Wakati mwingine ni shamba moja kwa maana ya kawaida, lakini kisheria ni watu watano, kila mmoja akiwa na ukomo wake wa malipo. Ukomo wa CFAP ulikuwa dola 250,000 kwa mtu au kampuni katika kila awamu. Kampuni iliyokuwa na wanahisa watatu, kila mmoja akiwa amefanya kazi au usimamizi wa angalau saa 400 shambani, iliweza kufikia dola 750,000. Ubia wa kawaida huhesabiwa kwa wabia wake mmoja mmoja, kwa hiyo unaweza kupita kiasi hicho bila kuvunja sheria yoyote. Ukiona jumla inayozidi dola 250,000, jiulize kwanza ni chombo cha aina gani na ni awamu ngapi ulizojumlisha, kabla hujatamka neno wizi.

Kuna pia sharti la mapato: mtu mwenye wastani wa mapato yanayozidi dola 900,000 kwa mwaka hakustahili, isipokuwa angalau asilimia 75 ya mapato hayo ilitokana na kilimo, ufugaji au misitu. Mapato ya mtu hutayaona popote, kwa hiyo sharti hili linakusaidia kuuliza swali tu, halikusaidii kutoa hukumu.

Kinachokusaidia zaidi ni kujua viwango. Katika CFAP 2, nguruwe mmoja alilipiwa dola 23, ng'ombe wa nyama dola 55, na kondoo dola 27, kwa kuhesabu idadi kubwa zaidi ya wanyama, bila wale wa kuzalishia, waliokuwapo katika siku ambayo mkulima mwenyewe aliichagua kati ya tarehe 16 Aprili na 31 Agosti 2020. Kwa hesabu hiyo, mfugaji wa nguruwe 2,000 angestahili dola 46,000, na yeyote mwenye nguruwe wanaokaribia 10,900 angekuwa amegonga ukomo wa dola 250,000. Namba hizi zinakupa kipimo: ukimjua jirani kuwa ana zizi la nguruwe mia mbili na hana mazao mengine, halafu faili ikaonyesha robo milioni, una jambo la kufuatilia. Kumbuka tu kwamba malipo ya mahindi, soya, maziwa na mboga huchanganywa katika kiasi hichohicho, na kwamba wafugaji waliolea wanyama wa kampuni kwa mkataba hawakuhesabiwa kama wamiliki, hivyo hawakuingizwa mpaka taratibu ziliporekebishwa mwaka 2021.

Idadi zote hizo zilitokana na tamko la mkulima mwenyewe. Ofisi za FSA zilikagua sampuli tu. Mwezi Septemba 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba wizara ilikuwa imelipa takribani dola bilioni 31 kupitia CFAP, na ikapendekeza ukaguzi wake wa malipo uwe mkali zaidi.

Iwapo nia yako ni kujua kama wakulima Weusi au wahamiaji walifikiwa, faili ya FSA haitakujibu, kwa sababu haina safu ya rangi wala asili. Swali lenyewe ni la haki: Machi 2021 Waziri Tom Vilsack alisema kwamba kati ya karibu dola bilioni 26 za msaada wa janga, ni dola milioni 20.8 tu zilizowafikia wakulima Weusi. Namba kama hiyo hutoka wizarani ikiwa imejumlishwa, na huwezi kuijenga upya kwa kukisia asili ya watu kutokana na majina yao.

Hatua ya tano: linganisha na faili ya PPP

Mwanzoni SBA ilitoa majina nusunusu. Tarehe 6 Julai 2020 ilitangaza majina ya waliokopa dola 150,000 au zaidi, tena bila kiasi kamili ila kwa makundi, na waliokopa chini ya hapo, ambao ndio walikuwa wengi mno na ndimo yalimokuwa mashamba mengi, wakaachwa bila majina. Gazeti la Washington Post na vyombo vingine vya habari vilifungua kesi, na tarehe 5 Novemba 2020 Jaji James Boasberg akaamuru kila kitu kitolewe, akizingatia kwamba fomu ya maombi ilikuwa imemwarifu mkopaji kuwa taarifa zake zinaweza kutangazwa. Tangu Desemba 2020 faili kamili zinapatikana katika tovuti ya takwimu ya SBA.

Faili moja ina mikopo ya dola 150,000 na kuendelea, na faili nyingine nyingi zina mikopo midogo. Zina mamia ya maelfu ya mistari, kwa hiyo ipe kompyuta muda, na usiongeze kitu kingine juu yake. Chuja jimbo, kisha safu iitwayo ProjectCountyName kwa kaunti, kisha safu ya NAICSCode, ambayo ni namba ya aina ya biashara. Namba zinazoanza na 111 ni za mazao na zinazoanza na 112 ni za mifugo. Kwa mfano 112120 ni ng'ombe wa maziwa na 111150 ni mahindi. Mkopaji au benki ndiye aliyeijaza namba hiyo, na makosa si machache, kwa hiyo pitia pia majina yenye maneno yanayoashiria shamba hata kama namba inaonyesha biashara nyingine.

Safu ya ProcessingMethod itakuonyesha PPP kwa mkopo wa kwanza na PPS kwa mkopo wa pili. Safu ya ForgivenessAmount inaonyesha kiasi kilichosamehewa, nacho mara nyingi huzidi kidogo mkopo wenyewe kwa sababu riba imejumuishwa, jambo ambalo limewahi kuandikwa kana kwamba ni kashfa. Safu ya JobsReported, inayodai kuonyesha idadi ya ajira, isikutie tamaa: wengine waliiacha wazi, wengine waliandika sifuri, na kuijumlisha ili kutangaza ajira zilizookolewa katika kaunti ni kuwapa watu namba isiyo na msingi.

Utakutana mara nyingi na kiasi cha dola 20,833 au kinachokaribia hapo. Sababu yake ni hii. Mkulima anayejiajiri, asiye na wafanyakazi, alihesabiwa mkopo wake kutokana na fomu ya kodi iitwayo Schedule F. Mwaka 2020 kilichotazamwa ni faida, na kwa kuwa wakulima wengi huonyesha hasara katika fomu hiyo, walikosa. Sheria ya tarehe 27 Desemba 2020 ilibadilisha kigezo kuwa mapato ghafi, hadi dola 100,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12 na kuzidisha kwa 2.5 unapata 20,833. Kwa hiyo kiasi hicho ni kiwango cha juu kabisa alichoruhusiwa mkulima wa aina hiyo, na mwaka 2021 wengi walikifikia kihalali.

Kiasi hichohicho, hata hivyo, kilikuwa pia chambo cha walaghai, kwani hakikuhitaji kuonyesha mfanyakazi hata mmoja. Mwezi Mei 2021 chombo cha habari cha ProPublica kiliripoti kwamba kilibaini mikopo midogo 378, yenye jumla ya takribani dola milioni 7, iliyopitia kampuni ya mikopo ya mtandaoni ya Kabbage na kutolewa kwa biashara zilizoonekana kuwa za kubuni, nyingi zikiwa zimeandikwa kama mashamba katika mahali ambapo hakuna anayelima.

Ukishuku shamba la namna hiyo, tafuta jina lake katika daftari la makampuni la jimbo, tazama anwani katika kumbukumbu za kodi ya ardhi za kaunti, kisha ulinganishe na faili ya FSA. Kukosekana katika faili ya FSA si ushahidi wa kutosha, kwa maana mkulima wa mboga anayeuza kwenye soko la Jumamosi anaweza kuwa hajawahi kukanyaga ofisi hiyo. Vilevile anwani inaweza kuwa ya mhasibu, na jirani aliyetajwa anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeibiwa jina.

Hatua ya sita: omba kilichokosekana

Kwa kile ambacho hakimo katika faili, andika ombi la FOIA kwa FSA au SBA kupitia mfumo wa mtandaoni wa serikali. Taja mpango, kaunti, kipindi na aina ya kumbukumbu unayotaka. Omba lahajedwali badala ya karatasi zilizopigwa picha. Na uombe kusamehewa ada, ukieleza namna umma utakavyonufaika. Hata usiposamehewa, mwombaji wa kawaida hupata saa 2 za kwanza za utafutaji na kurasa 100 za kwanza bila malipo. Idara ina siku 20 za kazi za kujibu, ingawa ucheleweshaji ni wa kawaida. Ukikataliwa una angalau siku 90 za kukata rufaa ndani ya idara hiyohiyo. Usiombe fomu za maombi za wakulima binafsi, kwa kuwa kifungu cha 1619 kitaziba mlango mara moja. Omba badala yake idadi ya maombi yaliyokaguliwa katika kaunti, idadi ya yaliyokutwa na dosari, na kiasi kilichorejeshwa.

Fedha zilizogawiwa na jimbo huombwa kwa sheria ya jimbo husika, ambayo kwa Iowa ni Sura ya 22 ya sheria zake.

Hatua ya saba: kabla ya kutangaza

Mpigie simu au mwandikie kila mtu unayekusudia kumtaja, umweleze kiasi ulichokiona na umpe nafasi ya kujibu. Mara nyingi jibu hubadilisha habari yote: mkopo ulifutwa kabla ya kuchukuliwa, au fedha zilirudishwa. SBA iliondoa mikopo iliyofutwa katika matoleo ya baadaye ya faili zake, kwa hiyo jina lililokuwamo katika orodha ya Desemba 2020 linaweza lisiwemo leo, na mwenye jina hilo hana deni la maelezo kwa yeyote. Ndiyo maana tarehe ya kupakua faili inaandikwa daftarini.

Usichapishe anwani. Ni kweli kwamba imo katika faili ya umma, lakini shamba la mkulima mara nyingi ndiyo nyumba yake, na msomaji haihitaji anwani hiyo ili aelewe malipo. Kwa kiasi kidogo kilicholipwa kwa mtu asiye na wadhifa, jumla ya kaunti hutosha. Majina yana uzito pale mlipwaji anaposhika nafasi ya umma, pale kiasi kinapokaribia ukomo, au pale wachache wanapochukua sehemu kubwa ya fedha za kaunti nzima.

Andika kila mara aina ya fedha kando ya namba: ruzuku ya CFAP, mkopo wa PPP uliosamehewa, mkopo wa EIDL unaoendelea kulipwa. Usivijumlishe vitatu hivi kuwa kiasi kimoja.

Iwapo ushahidi wako unaelekea kwenye udanganyifu, upeleke kwa mkaguzi mkuu wa USDA kwa malipo ya CFAP, au kwa mkaguzi mkuu wa SBA kwa mikopo. Kwa PPP muda haujakwisha: sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 5 Agosti 2022 iliongeza muda wa kufungua mashtaka ya udanganyifu hadi miaka 10, kwa hiyo aliyedanganya mwaka 2021 anaweza kushtakiwa hadi mwaka 2031.